Firigisi ya Mkwe wa Filamu

Kwetu Mabatini, mjukuu wangu akipita, watu wanaingiza kuku ndani. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja mwenye akili zake timamu, mwanakwaya mwenzangu, akiacha ufagio katikati ya uwanja na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, pumba mkononi, kuku wanamfuata, na macho hayamtoki mjukuu wangu. Mjukuu akamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mlango ukafungwa.

Sababu ni filamu. Mjukuu huyu nimemlea mimi tangu hajang'oka meno ya utoto. Kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha kule Nyakato, na anachomelea vizuri, geti lake halilii likifunguliwa. Lakini Jumamosi na Jumapili anaigiza vichekesho na wenzake, vile vinavyotazamwa kwenye simu, na tangu mwanzo walimpa sehemu ya mwizi wa kuku. Ana miguu mirefu na shingo ndefu, nadhani ndivyo vilivyomponza. Anaingia uwanja wa watu kwa ncha za vidole, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anapachika kuku chini ya shati. Kuku anatoa kichwa kwenye kola, na yeye anaongea na mwenye nyumba kuhusu mvua kana kwamba hana habari. Watu wanacheka mpaka machozi. Mimi nilitazama mara moja nikauliza yule kuku amerudishwa kwa nani. Wakacheka tena. Nilikuwa nauliza kweli.

Sasa mtu akishaiba kuku kwenye simu kila wiki, nenda ukawaambie watu kwamba ni mchezo. Mteja mmoja wa Buzuruga alitengenezewa geti na mjukuu, geti la maua, zuri, akashukuru sana, kesho yake akaita fundi mwingine aweke kufuli nyingine juu ya ile. Alisema si kwa ubaya.

Haya yote tuliyavumilia. Kisha akataka kuoa.

Binti mwenyewe ni fundi cherehani, meza yake iko hukohuko Nyakato, hatua chache kutoka pale mjukuu anapochomelea. Nilimpelekea gauni langu la kanisani alipunguze, akanigeuza, akaniangalia, akaniambia wazi kwamba gauni halina shida, mimi ndiye nimekonda. Nikasema moyoni, huyu anaweza kukaa kwangu.

Tatizo lilikuwa baba yake. Yule mzee alikuwa mlinzi wa geti kwenye viwanda vya Nyakato mpaka alipostaafu, na mpaka leo anavaa lile koti la kazi, jua au mvua. Tulimtuma mshenga na barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama inavyotakiwa. Ilirudi siku hiyohiyo, fundo la kitambaa halijaguswa. Mshenga alisema mzee aliuliza swali moja tu: mwoaji ni yule wa kuku? Mshenga akajibu ndiyo, ila ule ni mchezo. Mzee akamrudishia barua na kumwambia, "Nimelinda mageti ya watu maisha yangu yote. Leo nimfungulie mwizi la kwangu?"

Mjukuu alikaa siku mbili juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Mtaa wetu nyumba na mawe vimebanana, mtu akiwa na huzuni hakosi pa kukaa. Nilimpelekea ugali, akarudisha nusu. Aliniambia kwamba kama si yule binti, basi hatamwoa mwingine, na kwamba binti naye amesema hawezi kutoka kwao bila neno la baba. Nilimwambia vizuri, hiyo ni adabu. Lakini niliiona ile sahani ya ugali uliobaki na sikupenda.

Siku ya tatu alishuka kwenye jiwe, amekuja na rafiki yake anayewaongoza kwenye hizo filamu. Ni kijana anayevaa kofia ya sufu hata saa sita ya mchana, kwa hiyo nitamwita kijana wa kofia. Walikuwa na wazo. Watatengeneza filamu ambayo mjukuu wangu haigizi mtu mwingine yeyote. Ataigiza yeye mwenyewe, kwa jina lake, mchomelea mageti ambaye watu wanamwona mwizi kwa sababu ya filamu alizoigiza. Ndani ya filamu anakwenda kuposa, anakataliwa, halafu baba wa binti anakuja nyumbani kwetu, anakuta watu wa heshima, anakula, anakubali. Yule mzee wa Nyakato ataitazama kwenye simu ya binti yake na moyo wake utalainika.

Niliuliza kama si rahisi zaidi kwenda kwa huyo mzee tukakaa chini, tukamweleza ukweli.

"Bibi," akasema kijana wa kofia, "siku hizi ukweli usiokuwa na kamera nani anauamini?"

Niliwapa uwanja wangu kwa siku mbili. Niliwapa kwa sababu ya ile sahani ya ugali, si kwa sababu ya kamera.

Kwa kuwa mimi ni bibi yake, niliambiwa niigize bibi yake. Baba mkwe wa filamu alikuwa jirani yangu, mzee fundi viatu, mtu wa swala tano, mpole, ambaye mke wake alikuwa amekwenda Geita kumwuguza binti yao na kumwacha mwezi mzima na chai na maandazi. Alipoulizwa kama anaweza kuigiza mkwe anayekaribishwa chakula, hakuuliza swali la pili.

Asubuhi ya kwanza kazi ilinishinda. Kijana wa kofia aliniambia, "Bibi, wewe kuwa wewe tu." Nikasimama. Akasema hapana, wewe kabisa. Nikamwuliza aliyesimama hapa ni nani. Akasema kwenye kamera sionekani mkali, nishike fimbo. Sijawahi kushika fimbo katika nyumba hii, nina mwiko na nina mdomo, vinanitosha. Akanipa fimbo hata hivyo. Nikaiegemeza ukutani, akaniletea tena. Mara ya tatu niliivunja nikaitia jikoni chini ya sufuria, na kijana akasema hapohapo, hivyohivyo Bibi, lakini kamera ilikuwa bado haijawashwa.

Mjukuu naye alikuwa hajui kuwa yeye. Alitakiwa tu kuingia uwanjani kwao, kwetu, akitokea kazini, na kuniamkia. Akafungua geti alilolichomelea mwenyewe, akanyanyua kisigino, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaja kwa ncha za vidole. Kijana wa kofia akapiga kelele kwamba wewe ni mtu mwaminifu unarudi nyumbani, tembea unavyotembea. Mjukuu akasema ndivyo anavyotembea. Nikamwambia hapana. Wewe ulianguka kwenye mawe ukiwa mdogo, mguu wa kulia unautupa nje kidogo, na mikono huifanyii chochote. Nikamtembelea mwenyewe kutoka getini mpaka jikoni, nikimwonyesha anavyotembea, na majirani waliokuwa wamepanda mawe kututazama wakapiga makofi. Ilichukua saa nzima mtu kujifunza mwendo wake.

Mchana wakashuka ziwani kupiga sehemu ya huzuni, mjukuu amekaa ufukweni anarusha vijiwe majini baada ya kukataliwa. Walirudi haraka. Akina mama wanaoanika dagaa walipomwona anakuja walikunja nyavu zao na dagaa ndani, mbichi hivyohivyo, wakazikalia. Kijana wa kofia alisema ni picha nzuri sana, ila mjukuu hakuweza kuigiza huzuni. Alikuwa na huzuni ya kweli, na ya kweli ilimfanya akune sikio tu.

Basi tukaja kwenye sehemu kubwa ya filamu, ambayo ni chakula.

Kwetu firigisi haipewi mtu yeyote. Ni ya mwanaume mkubwa wa nyumba, na akija mkwe ni ya mkwe. Ukimpikia mkwe kuku na firigisi isionekane juu ya sahani, umemtukana, hata ukimrundikia mapaja manne. Na yeye akishaila, amekula neno, hawezi tena kurudi nyuma akasema hakukubali. Kila mtu hapa anajua hivyo, wa kanisani na wa msikitini. Kijana wa kofia naye alijua, ndiyo maana aliipanga filamu yote iishie hapo: bibi anaweka sahani, mkwe anaichukua firigisi, anaila, anasema "Nimekubali," mjukuu ameinamisha kichwa pembeni, basi.

Nilikuwa na mitetea saba na jogoo mmoja. Mtetea mmoja alikuwa amelalia mayai, huyo hahesabiki. Nikakamata mmoja wa wale sita. Kuku wangu siku zote anachinjwa na jirani, ili chakula cha kwangu kisimbague mtu. Kwa hiyo mkwe wa filamu alivua koti la ukwe walilomvisha, akamchinja kuku aliyekuwa anachinjiwa, akanawa, akavaa koti, akatoka nje ya geti ili apige hodi kama mgeni.

Firigisi ya kuku wa kienyeji haiivi kwa kuombwa. Tulingoja. Ikaiva, nikaiweka juu ya sahani, kamera ikawaka, mkwe akanawa, akaichukua, akaila taratibu akiwa amefumba macho, na alipofungua mdomo aseme neno lake, jogoo akawika.

"Kata," akasema kijana wa kofia. "Turudie."

Nikamwuliza turudie nini, firigisi imeliwa.

Akasema niweke kipande cha ini, kwenye kamera hakuna atakayejua. Nilimwambia mimi nitajua. Huyu mzee amekaa kwenye kiti changu, amenawa maji yangu, nimpe ini niseme ni firigisi? Kijana akaeleza kwamba huyu si mkwe, ni fundi viatu. Nikasema fundi viatu amekuja kwangu kama mkwe, na mkwe kwangu hali ini. Jirani alitikisa kichwa kwa uzito mkubwa na kusema mama amesema kweli. Kuku wa pili akakamatwa.

Firigisi ya pili alisema "Nimekubali" kabla hajameza, ikasikika kama mtu anayezama. Ya tatu aliila vizuri, akameza vizuri, akanigeukia na kuuliza, "Hii umetia ndimu?" Ya nne neno lilitoka safi kabisa, lakini mjukuu, badala ya kuinamisha kichwa, aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Nilitaka kumpiga kwa kifuniko. Nyama iliyobaki tulikuwa tunawagawia waliokaa juu ya mawe, na mawe yalizidi kujaa. Manyoya yalikuwa yameteremka na upepo mpaka barabarani.

Kesho yake, baada ya kanisa, tulianza na wa tano. Jirani alikuwa amefunga kula tangu jana jioni kwa ajili ya kazi, alisema mwenyewe. Aliila firigisi kama mkwe hasa, akanitazama, akamtazama mjukuu, akasema "Nimekubali" kwa sauti iliyonifanya hata mimi nihisi tumeoa. Mjukuu aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.  Kisha kijana wa kofia akaitazama kamera yake muda mrefu, akaivua ile kofia, nikajua kuna jambo. Hakuwa ameibonyeza kamera.

Nikakamata wa sita. Nilimkamata kwa namna ambayo kila mtu alisogea.

Nilikuwa jikoni, firigisi ya sita nimeshaipakua, sahani mkono huu, mwiko mkono huu, natoka. Sasa kijana wa kofia alikuwa ameingiwa na woga kwamba hata ya sita itaharibika, kwa hiyo alitaka firigisi ya akiba iwe tayari. Hakunifuata kuniuliza, alijua nitamjibu nini. Alimtuma mjukuu. Nilipotoka mlangoni nikamwona mjukuu wangu anatokea nyuma ya banda, kisigino juu, ncha za vidole, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, na kwenye kola ya shati kimetokeza kichwa cha yule mtetea wangu aliyelalia mayai.

"Mwizi wewe," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika Buzuruga. "Mwizi mkubwa. Rudisha kuku wangu."

Nikamkimbiza. Alikimbia kuzunguka banda, mimi nyuma, mwiko juu, sahani nimeishika sawasawa isimwagike, firigisi inazunguka kwenye sahani kama gololi. Kijana wa kofia anatufuata na kamera, safari hii ameibonyeza. Juu ya mawe watu wamelala chali kwa kicheko. Tulipozunguka mara ya pili kuna mtu alikuwa amesimama ndani ya geti.

Kijana wa kofia hata hakumtazama. Alisema, "Mzee, umeingia kwenye picha, sogea kidogo kushoto."

Yule mzee akasogea kushoto. Amezoea kufuata maagizo ya getini. Ndipo nilipoliona lile koti.

Nilisimama. Mjukuu alisimama. Juu ya mawe waliokuwa wamelala wakakaa. Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kusema.

"Shikamoo, mama," akasema baba wa binti.

"Marahaba. Karibu."

Akasema amekuja kwa sababu jana watu watatu walipita Nyakato kwa nyakati tofauti na kumpa hongera. Walisikia kwa masikio yao, wakipita chini ya ukuta wetu, baba wa binti akikubali posa. Mmoja alisema ameikubali mara mbili.

"Nimekuja kumwona huyo aliyenikubalia," akasema.

 Jirani yangu fundi viatu, kwenye kiti chake, mikono bado ina maji, akanyoosha kidole juu kama mtoto wa shule.

"Ni mimi, mzee mwenzangu. Lakini nilikuwa nakoseakosea."

Mzee akamwangalia kuanzia viatu mpaka koti. Halafu akanigeukia mimi. Alisema amesikia nikimwita huyu kijana mwizi, akiwa bado yuko nje, kabla hajapiga hodi. Nikasema ndiyo, nimemwita. Nyuma ya mzee, kijana wa kofia alikuwa ananikonyeza na kuchezesha midomo, sema ni mchezo, sema ni mchezo. Mjukuu hakunikonyeza. Alinitazama tu, na yule kuku naye akanitazama.

"Mama," akasema mzee, "ni mwizi au si mwizi?"

Neno moja dogo lingetosha kumwozesha mjukuu wangu siku ile. Nililijua. Lilikuwa limeandikwa kabisa kwenye karatasi zao, sehemu ya bibi: hajawahi kuiba hata sindano. Lakini kuku alikuwa wangu, na yule mzee alikuwa anamwona.

"Ameiba," nikasema. "Kuku wangu aliyelalia mayai, sasa hivi, yuko hapo kwenye shati. Na alipokuwa darasa la pili aliiba dagaa za mama mmoja ufukweni, kiganja kimoja. Nikampeleka kwa mwenyewe, akamwanikia dagaa wiki nzima. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi. Yale ya kwenye simu ni upuuzi wao." Kisha nikamgeukia mjukuu. "Na wewe rudisha kuku."

Alikwenda. Kutoka pale aliposimama mpaka bandani ni hatua kama ishirini, na alizitembea mbele ya macho ya mlinzi. Kwa woga, miguu yake ilishika mwendo inaoujua: kisigino juu, ncha za vidole, shingo mbele. Aliinama bandani. Kuku alimdonoa, tukamsikia akimwambia kuku samahani. Aliyapanga mayai chini ya kuku moja moja, akarudi, akasimama.

"Hebu tembea tena kutoka pale," akasema mzee.

Mjukuu akatembea tena.

"Sasa kama unaiba."

Kijana wa kofia alikuwa anatetemeka kwa furaha, kamera jichoni. Mjukuu akaonyesha anavyoiba. Mzee alimtazama amekunja mikono, akamzunguka, akamwuliza kwa nini anaangalia kushoto kwanza, akamwuliza ule mguu unaotupwa nje una nini. Nikasema alianguka kwenye mawe. Mzee akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa wote.

"Wezi nimewakamata," akasema. "Mwizi anatembea kama mwenye mali. Anakuamkia, anakuuliza watoto hawajambo, anakusaidia kubeba, unamfungulia geti mwenyewe. Huyu anatembea kama twiga aliyekanyaga kaa la moto. Huyu mimi ningemkamata nikiwa nimesinzia."

Mjukuu aliumia, nikaona. Si kama mwoaji, kama mwigizaji.

"Mzee, ile ni sanaa," akasema.

"Basi sanaa mbaya."

Nikamwambia mjukuu anyamaze. Aliponyamaza ndipo nilipogundua kwamba bado nimeshika sahani, na mgeni amesimama uwanjani kwangu na chakula kimepakuliwa. Hilo halihitaji kamera. Mgeni akikuta chakula anakula. Nikamsogezea kiti. Jirani yangu, bila kuambiwa, alihama kwenye kile kiti kikubwa na kwenda kwenye ndoo, ingawa macho yake yalibaki kwenye sahani. Nikamnawisha mzee mikono, nikaiweka sahani mbele yake, na juu ya sahani kulikuwa na kile kinachotakiwa kuwepo.

Mzee aliiona. Hakuna mwanaume wa kwetu asiyejua maana ya kile alichowekewa. Aliweka mikono magotini. Mjukuu aliinamisha kichwa, kwa kweli sasa, bila kuangalia kushoto wala kulia. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu kama chuma anachochomelea.

Mzee akamgeukia fundi viatu kwenye ndoo.

"Wewe umeshakula ngapi?"

"Tano, mzee mwenzangu."

"Na umekubali mara ngapi?"

Jirani akahesabu moyoni. "Za kueleweka, mbili."

"Na firigisi zenyewe zikoje?"

"Ile ya ndimu ilikuwa nzuri."

Mzee akafikiri. Alikaa hivyo mpaka watu wa juu ya mawe wakaanza kukohoa. Kisha akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaigeuza, akaikagua pande zote, mlinzi ni mlinzi.

"Mama ambaye hadanganyi hata kwenye filamu," akasema, akiwa anaitazama firigisi, si mimi, "hapo binti anaweza kwenda. Barua ije Jumamosi. Safari hii nitafungua kitambaa." Akaila.

Kijana wa kofia alishusha kamera na kusema kwamba ilikuwa nzuri sana, nzuri mno, ila mkono wa mzee ulifunika uso wakati wa kusema, kwa hiyo kama mzee hatajali, turudie. Nilimwambia kuku wameisha. Akaanza kusema neno kuhusu ini. Sikuhitaji kumjibu, mwiko ulikuwa bado mkononi.

Barua ilikwenda Jumamosi na ikafunguliwa. Arusi ilifanyika baada ya mvua za vuli kupungua. Filamu nayo ilitoka kwenye simu, na watu waliipenda, lakini wanaongea mambo yao. Wanasema yule aliyeigiza mkwe wa pili, mwenye koti la kazi, hajui kuigiza kabisa, amekaa kama gogo, na kwamba wa kwanza, wa viatu, ndiye baba mkwe hasa, unaona kabisa uchungu wa mzazi. Wanasema bibi ametia chumvi, hakuna bibi wa namna ile. Na kuhusu mjukuu wangu wanasema ameigiza vizuri, ila ile sehemu anayojifanya mwaminifu haikubaliki. Mwanakwaya mwenzangu aliniambia hayo huku anaingiza kuku wake ndani.

Yule mtetea aliangua vifaranga tisa, kwa hiyo kuku ninao tena. Mkwe wangu wa Nyakato huja mara moja moja Jumapili kumwona binti yake, na akija nachinja, kama inavyotakiwa. Jirani yangu fundi viatu ndiye anayechinja. Akimaliza ananawa, anakwenda kwake, anavaa lile koti la ukwe, anarudi na kupiga hodi getini. Nilimwambia filamu imekwisha. Akaniuliza kwa upole kama firigisi zile tano hakuzila, na kama neno alilokula linaweza kutapikwa. Ni mimi niliyekataa ini. Kuku mmoja ana firigisi moja, na mimi nina wakwe wawili, kwa hiyo kila mzee wa Nyakato akija, wanaokwenda ni kuku wawili.